Kipande cha Ubavu wa Kushoto

Homa Bay,
27 Oktoba 1996

Kwa binti yangu Bhoke,

Pokea salamu zangu, na zikikuzidi wagawie walio hapo nyumbani Ntimaru. Mimi Baba yako Mkubwa nilifika salama. Nasema salama kwa sababu niko hai, lakini miguu imefika imevimba kama mihogo, na mkeka wa hapa ukiulalia, unaamka umechoka kuliko ulivyolala.

Sasa sikiza. Hii semina ya kushona mavazi ya zamani si kitu kidogo. Tuko watu kumi na wanne ndani ya ukumbi wa kanisa karibu na ziwa, cherehani saba. Kwa wiki nane tunajifunza kushona yale waliyovaa watu kabla ya sisi kuzaliwa: kanzu za makatekista wa kwanza, magauni marefu ya wamama wa misheni yenye mabega yaliyofura, kaki za askari wa zamani, na ngozi za wazee wetu. Shule zitazivaa kwenye michezo ya kuigiza. Mwalimu ni mama mmoja mjane anaitwa Phelesia, hacheki ovyo. Siku ya kwanza alitupa marekani, kile kitambaa cheupe kigumu, kila mtu ashone mkono wa gauni. Mimi niliushona macho nimefumba. Haki ya Mungu. Cherehani ilitoa moshi, watu wakakimbilia maji. Mwalimu akaniuliza, "Machuki, wewe ulisomea wapi?" Nikamwambia darasa la nne, hayo mengine nilizaliwa nayo. Sasa nimefanywa mkuu wa mafundi wote.

Juzi kiboko alitoka ziwani akaingiza kichwa mlangoni. Wenzangu walipanda juu ya meza. Mimi nilimpiga pua kwa rula ya mbao, akarudi ziwani polepole kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Ile nguo ya ngozi ya Mama niliyokuja nayo iko vizuri. Tuliambiwa kila mtu alete nguo moja ya kale ya kwao tuitazame. Ochieng, mshona matanga ya mashua wa kisiwa cha Remba, alileta kofia ya babu yake iliyoliwa na panya. Basi ngozi ya Mama ilipofunguliwa mezani, watu waliacha kazi wakaja kuizunguka. Mwambie Mama nilisema wiki moja, na wiki ya Machuki ni wiki. Na wasiulize ulize huko kwa nini niliichukua. Mimi ndiye kifungua mimba wa nyanya yako Nyasuguta. Vitu vya mama vinapitia mkononi mwangu kwanza.

Barua nampa Mirumbe, yule mama muuza omena, anakuja huku kila wiki kuchukua dagaa.

Ni mimi,
Fundi Mkuu Machuki


Ntimaru,
2 Novemba 1996

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Tumefurahi umefika. Kiboko tumemsikia.

Wiki yako imeisha jana. Nyanya amekuwa akihesabu kwa punje za mahindi dirishani, na leo asubuhi ameniita nizione ziko saba. Anataka ngozi yake.

Nadhani hukuelewa ulipoichukua, kwa hiyo nakuandikia wazi. Harusi yangu na Boaz ni Jumamosi tarehe 14 Desemba. Kwa kuwa Baba yangu hayupo, Nyanya amesema yeye ndiye atakayenishika mkono kuniingiza kanisani, na atakuwa amevaa ile ngozi aliyokuja nayo kwenye boma hili akiwa bibi harusi. Mchungaji alikataa mara mbili. Mara ya tatu Nyanya alienda mwenyewe, akakaa mlangoni kwake tangu asubuhi mpaka mchungaji akachoka, akakubali. Nimemnunulia kitenge kizuri, hataki hata kukigusa. Anasema, "Sitaenda na nguo ya duka. Nitabaki nyumbani."

Na unajua vile alivyo siku hizi. Anakula uji tu. Akienda mpaka kwenye zizi anarudi ameshika ukuta. Mimi nafundisha watoto wa chekechea asubuhi, mchana ni mahindi, jioni ni wageni wa harusi wanaokuja kunipa ushauri. Sina nguvu ya kubishana naye.

Tafadhali mpe Mirumbe ailete. Halafu huyo Mirumbe anasema alipita hapo ukumbini akakuona unafagia nyuzi. Fundi mkuu hufagia?

Mwanao,
Bhoke


Homa Bay,
10 Novemba 1996

Kwa binti yangu Bhoke,

Mirumbe ni mtu wa samaki, macho yake yameharibika kwa moshi. Sikuwa nafagia. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi vile fundi wa kweli anavyoheshimu mahali pake pa kazi. Walipiga makofi.

Kuhusu ngozi, usiwe na haraka. Kuna wageni wamekuja kuipiga picha, foleni imefika barabarani. Wengine wametoka mbali, sijui Uswidi, sijui wapi, mmoja alilia. Siwezi kuwanyang'anya watu kitu wakiwa katikati ya kulia. Nitaituma wiki ijayo ama ile ingine.

Sasa kuna mambo mawili madogo, ni ya kuandika kwenye kitabu cha semina tu. Muulize Mama alishonea nini. Ni mshipa wa mgongo wa ng'ombe ama ni wa mguu? Na alikuwa anaulowesha mate ama maji?

La pili. Kile kipande cha ubavu wa kushoto, chini ya kwapa. Vipande vingine vyote ni mbuzi mkubwa, vinene. Hicho ni chembamba, laini sana, na kina alama mbili zimechakaa kama za mkanda uliokuwa ukivuta. Kimekunjwa mara mbili ndani ya mshono. Sasa mbona Mama aweke kiraka kwenye nguo yake ya harusi? Muulize kwa upole. Mwambie ni mwalimu anataka kujua.

Macho yananisumbua kidogo. Ni hii taa ya hapa. Na huu unyevu wa ziwa unaingia kwenye mifupa. Jioni nakaa tu kwenye benchi nje, hata kuongea sitaki.

Ni mimi,
Fundi Machuki, kifungua mimba


Ntimaru,
16 Novemba 1996

Baba Mkubwa,

Nilimuuliza. Afadhali nisingemuuliza.

Alikuwa anapukuchua mahindi. La mshipa alilijibu vizuri tu: ni wa mgongo, unatafunwa mpaka uwe laini, hakuna maji. Nilipomwambia la kipande cha ubavu, mikono ilisimama. Akauliza, "Amejuaje kimekunjwa?" Nikasema ni mwalimu anauliza. Akasema, "Mwalimu hawezi kukiona. Wewe ulishawahi kukiona? Kiko ndani. Kumbe ameifungua."

Akaweka gunzi chini, akaingia kulala jua likiwa juu. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Leo ni Jumamosi na hajasema na mtu. Nimempelekea uji, amegeukia ukuta.

Nimebakiwa na mwezi mmoja kasoro. Sina baba wa kuniingiza kanisani. Niko na Nyanya peke yake, na yeye amesema bila ile ngozi haendi. Wewe ndiye mzee uliyebaki kwenye hili boma. Niandikie ukweli. Usiniletee kiboko, usiniletee Mswidi analia. Ngozi iko wapi, na iko namna gani?

Bhoke


Homa Bay,
21 Novemba 1996

Bhoke mwanangu,

Nimeifumua.

Nimeandika hilo neno kwanza kwa sababu nikianza na mengine sitalifikia.

Unajua mimi nilijifunzia kazi sokoni. Hakuna aliyenifundisha. Mtu akileta suruali ya mtumba nzuri, mimi nafumua mshono wote, naweka vipande juu ya kitambaa kipya, nakata, halafu nashona zote mbili. Hivyo ndivyo nilivyojifunza suruali, koti, hata joho la mchungaji. Nguo kwangu ni mpaka niifungue ndiyo niijue. Mwalimu Phelesia alituambia tangu siku ya pili: nguo ya kale haifumuliwi, unatandika gazeti juu yake unafuata kwa mkaa, unajaribu kwa marekani kwanza. Nilimsikia. Lakini Ochieng na wale akina mama walikuwa wananipita, Bhoke. Wote. Mimi nakaa karibu na mlango kwa sababu ndiko kuna mwanga, na bado tundu la sindano silioni, msichana mmoja ananitungia uzi. Mkono wa gauni niliushona ndani nje. Nikaona siku hiyo wenzangu wakienda kula, mimi nifanye njia yangu, warudi wakute nimemaliza kukata.

Nilichukua wembe. Ule mshipa ulikuwa mkavu, ulikatika wenyewe kama majani. Nikafurahi, unasikia? Nikaona kazi ni rahisi. Walipoingia nilikuwa na vipande tisa mezani. Ochieng akasimama, akasema, "Omera, ndugu yangu, huyu Mkuria ameleta vazi ama ameleta nyama ya kugawa?" Watu wakacheka. Halafu wakaona uso wa mwalimu wakaacha.

Hakunipigia kelele. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akasema, "Miaka ishirini nasema neno moja tu kwa watu. Neno moja." Akakaa hivyo, miguu mitupu, mpaka saa ya kufunga.

Hiyo ilikuwa tarehe 29 Oktoba. Siku mbili tu baada ya barua yangu ya kwanza. Kwa sababu ya unyevu, vipande vimejikunja kama chapati, na nikijaribu kushona, tundu la zamani linachanika linakuwa mdomo. Nimejaribu mara nne. Wageni wa picha hawakuwako. Mkuu wa mafundi hayuko. Mirumbe alinikuta nafagia kwa sababu ni zamu yangu.

Sijui nifanye nini. Usimwambie Mama. Ama mwambie. Mimi nimechoka hata kuchagua.

Machuki


Ntimaru,
28 Novemba 1996

Baba Mkubwa,

Nimemsomea barua yako yote, neno kwa neno, hata pale ulipofurahi. Alisikiliza amekaa. Ilipoisha akaomba uji, akanywa, akaomba tena. Halafu akanieleza, na akasema nikuandikie kama alivyosema yeye.

Wewe si kifungua mimba. Kabla yako kulikuwa na mtoto wa kiume, Maroa. Aliishi miezi kumi na moja. Alikufa mwaka wa njaa, miaka mitatu kabla hujazaliwa. Nyanya anasema alikuwa na sauti kubwa na miguu minene. Alipokufa, baba mkwe aliamuru asitajwe tena ndani ya boma, ili atakayefuata asiitwe na marehemu amfuate. Na ile ngozi aliyombebea mgongoni itupwe mbali. Wote walitii, hata babu.

Nyanya alienda kuitupa. Akarudi nayo ndani ya nguo. Akafungua ubavu wa vazi lake la harusi, akatoa kipande cha mbuzi, akaweka hiyo mahali pake, akaikunja ili ile alama ya mkanda isionekane. Akashona siku mbili akijifanya anatengeneza palipochanika. Tangu hapo kila alipovaa lile vazi alikuwa amembeba. Hakuna aliyejua, hata Baba yangu alikufa hajui. Ulipozaliwa wewe wakakuita wa kwanza, naye akakuachia tu. Anasema, "Alipenda sana kuwa wa kwanza. Ningemnyang'anya ya nini?"

Nilimuuliza kama amekukasirikia. Akasema: "Siku zile mbili nilikasirika. Kisha nikaona mgongo hauniumi. Mwambie Machuki asikishone kile kipande. Nimembeba miaka hamsini na tatu, nimechoka. Atafute ngozi ya mbuzi aweke hapo. Lakini vazi lije. Nimemwambia mchungaji nitakuja nalo, na mimi siwezi kurudi tena pale mlangoni kwake."

Nikauliza, na hicho kipande? Akasema, "Si ni ndugu yake? Akae naye."

Kwa hiyo zimebaki wiki mbili. Shona, Baba Mkubwa. Kwangu wewe bado ni mkubwa, Baba yangu ulimzidi miaka minne na hilo hakuna wa kulifumua.

Mwanao,
Bhoke


Homa Bay,
10 Desemba 1996

Bhoke,

Mirumbe anakuja na mfuko wa gunia. Usimruhusu auweke pamoja na omena. Mimi nimemwapisha, lakini wewe nusa kwanza.

Niliposoma barua yako nilimpelekea mwalimu. Alisoma mara moja, akairudisha, akavaa miwani, akasema, "Leta vipande." Tulianza siku hiyo. Kila asubuhi tulivipaka samli, kidogo kidogo kwa kidole, mpaka vikalainika na kulala. Hiyo ilichukua siku tano. Halafu Ochieng akaja na sindano yake ya matanga, ile iliyopinda. Alisema, "Jaduong', mzee wangu, hapa hutoboi tundu jipya hata moja. Unafuata yale ya mama yako, ukilikosa unangoja mpaka ulione." Na palipochanika alinifundisha kuweka kamba nyembamba ya ngozi kwa ndani, kama wanavyofanya tanga lililopasuka. Kumbe yule mtu wa kofia ya panya anajua.

Nimetafuna mshipa mpaka taya zimekufa. Nashona mishono mitatu, naweka chini, nafunga macho, narudia. Yule msichana alitaka kunisaidia, nikakataa. Mama alitumia siku mbili kwa upande mmoja, mimi nimetumia siku saba kwa zote na sikuona chakula kilikuwa na ladha gani.

Nikifuata matundu yake, nimeona kitu. Mishono yake yote imekaa sawa, kama askari. Lakini pale ubavuni matundu yanapanda na kushuka. Alikuwa haoni vizuri pale. Nafikiri unajua kwa nini.

Ngozi mpya niliyoweka ni nyeupe kuliko zingine. Mwalimu alisema tuipake udongo ifanane, nikasema hapana. Itaonekana tu.

Siji harusini. Kuna maonyesho ya mwisho ya semina siku hiyohiyo. Hapana, hayako siku hiyo, yako Jumatatu. Siji kwa sababu sijui nitasimama mbele ya Mama nikiwa nani. Tangu nizaliwe nimeongea mbele za watu kama wa kwanza. Jirani yetu Nchagwa anaweza kuongea na wakwe. Msamehe akisahau majina.

Machuki


Ntimaru,
17 Desemba 1996

Baba Mkubwa,

Nimeolewa.

Vazi lilifika Alhamisi likinuka samli tu. Nyanya alilipapasa upande mmoja mpaka mwingine. Alipofika kwenye ngozi mpya alipagonga na ukucha mara mbili kama mtu anayebisha hodi, akasema, "Hapa pamekaza. Sawa." Jumamosi alilivaa. Tulienda taratibu, kwa mguu, alikuwa amenishika, kisha katikati nikawa nimemshika yeye. Wamama mlangoni walimuuliza mbona upande huu mweupe, akawaambia, "Mwanangu ni fundi, ameshona yeye." Wakati wa kusimama kwa wimbo wa mwisho mshono mmoja wa bega ulikatika, tulisikia wote. Mchungaji akamwangalia. Akamwambia mchungaji, "Endelea, sijavukwa na nguo," kanisa zima likacheka, hata mama mkwe wangu ambaye sikujua kama ana meno.

Nchagwa aliongea na wakwe. Alisahau jina la Boaz. Alimwita Bonface mpaka mwisho. Wewe ungedanganya vizuri zaidi, haki, kila mtu alisema hivyo. Kiti chako kilikaa pale kitupu, watoto wakaweka soda juu yake.

Kesho naenda kwa Boaz huko Ogwedhi, kwa hiyo barua hii naandika haraka. Nyanya amechoka sana tangu siku ile. Analala, anaamka, anaangalia mlango. Hataki tuliondoe vazi pale lilipotundikwa. Jana aliniuliza kama bado unacho kile kipande. Nikasema bila shaka. Akageukia mlango, akauliza, "Ni mzito?"

Kisha akasema, "Muulize. Mwambie kama ni mzito amlete, asimbebe peke yake kama mimi nilivyofanya. Mzee aliyekataza amekufa zamani. Tutamtaja, tutamweka chini hapa nyuma ya nyumba, tukae."

Bhoke


Homa Bay,
22 Desemba 1996

Bhoke,

Barua hii naituma Ntimaru hata kama umeshaondoka. Atakayekuwa nyumbani amsomee Mama.

Semina imeisha. Walitupa karatasi, yangu ina jina limekosewa, nimeiacha hivyo. Kwenye maonyesho kila mtu alisimama na nguo yake. Mimi sikuwa na vazi, nilikuwa na ile ya marekani ya majaribio. Mwalimu akaniambia niongee, nikasema, "Ya kweli imevaliwa," nikakaa.

Mwambie Mama nimekiweka ndani ya shati, upande wa moyo. Nimemwambia Ochieng jina lake. Nilitaka kusikia likitoka mdomoni mwangu. Maroa. Ochieng akauliza alikuwa nani. Nilifungua mdomo nimweleze vile ndugu yangu alivyokuwa jitu la ajabu, alivyoua chui akiwa na meno mawili. Sikuweza. Nikasema alikuwa na sauti kubwa na miguu minene.

Mwambie ni mzito. Sikudhani kitu chembamba hivyo kinaweza kuwa kizito.

Natoka hapa Jumanne asubuhi. Wasichinje kitu, wasiite watu. Wapike uji tu.

Mwambie Mama tunakuja wawili.

Machuki